Vibakuli Vilivyokwenda Mwamgongo

Boti za kaskazini zinapokaribia kuondoka, mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, huwa hausikilizani. Wachukuzi hupita mbio na magunia ya unga mabegani, wanawake wa dagaa hubishana na madalali, na vijana wa boti huita majina ya vijiji kwa sauti za kuimba: Mwamgongo! Kagunga! Mwamgongo! Mchana mmoja wa jua kali, katikati ya zogo hilo, Yunisi alikuwa amesimama nyuma ya meza ya banda lake la chakula akibishana na mwanamume ambaye hakuwahi kumwona.

"Dada yangu, nifungie kwenye mfuko niondoke. Abiria wameshakaa."

"Mifuko sina, kaka."

"Basi kwenye foili."

"Foili nimeacha. Kula hapa, au beba na hiki." Alimsogezea kibakuli cha stili chenye kifuniko cha kubana, wali na samaki wa migebuka tayari ndani. "Lakini nataka kirudi."

"Na nikizama nacho?"

"Utazama wewe. Chenyewe kitaelea, kimefungwa vizuri."

Watu waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko. Yule mwanamume naye alicheka, na ndipo Yunisi alipomtazama sawasawa: mrefu, fulana ya bluu iliyopauka kwa jua, suruali iliyokunjwa hadi chini ya magoti, boya la rangi ya chungwa limening'inia begani. Mwanamume yeye alikuwa ameshamtazama zamani. Aliona kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, kilemba cha kitambaa hichohicho, na jasho jembamba juu ya mdomo uliokuwa unajizuia kutabasamu.

"Naitwa Elikana," alisema. "Nahodha wa boti ile yenye mstari mwekundu. Nikikimbia na chombo chako, unajua pa kunikamatia."

"Nenda, nahodha. Migebuka inapoa."

Alikirudisha keshokutwa yake, kimesuguliwa kwa mchanga wa ziwani mpaka kinang'aa. Ndani mlikuwa na ndizi mbivu, zile fupi tamu.

"Hizi za nini?"

"Mama akisikia nimerudisha chombo cha watu kitupu, atanifukuza nyumbani."

"Mtu mzima wewe unafukuzwa na mama?"

"Ndiyo natafuta wa kunipokea."

Yunisi aligeukia sufuria zake haraka, maana alijua uso wake ungemsaliti.

Mwaka huo manispaa ilikuwa imetoa ruzuku kwa wauza chakula waliokubali kuacha mifuko na foili. Walipewa vibakuli vya stili, na ahadi juu yake: atakayeweza kuvifanya viende na kurudi mpaka masika yaishe, atajengewa karo la kuoshea vyombo lenye maji ya bomba, na jiko banifu. Yunisi aliomba kwa sababu zake mwenyewe. Kila mvua kubwa iliponyesha, ufuko wa mbele ya banda lake ulijaa takataka, na foili zake alizitambua kama mtu anavyotambua nguo zake kwenye kamba ya jirani. Shida ilikuwa wateja. Mama lishe wa mtaa wa Katubuka waliwauzia majirani na watu wa ofisini. Kibakuli kilitoka mchana kikarudi jioni. Wateja wa Yunisi walikuwa abiria. Walipanda boti, wakashuka vijiji vya mbali, na vibakuli vikashuka nao.

"Wa Mwamgongo niachie mimi," Elikana alimwambia. "Ndiko kwetu. Nitawaambia waviache pale gatini kabla hawajapanda kwenda majumbani, mimi nitakuletea."

"Kwa nini ujisumbue?"

"Kwa sababu nikivileta, nakuona."

Basi vibakuli vikaanza kurudi. Vilirudi na mapera, vilirudi na mihogo ya kuchemsha, siku moja kimoja kilirudi na maua ya porini yaliyokwisha kunyauka kwa joto la injini, na Yunisi akayaweka ndani ya glasi ya maji hivyohivyo, yamelala, akayatazama kutwa nzima.

Jumapili walikwenda Ujiji. Yunisi alivaa gauni jeupe lenye vifungo mbele, na viatu ambavyo alivivua mara tu walipofika mchangani. Walitembea polepole kando ya maji, adhana ya alasiri ikipanda nyuma yao kutoka msikiti mmoja hadi mwingine. Ng'ambo, milima ya Kongo ilionekana, ikapotea katika ukungu, ikaonekana tena.

"Ile milima naiota," Yunisi alisema. "Naiendea kwa miguu, juu ya maji. Maji ni magumu kama sakafu, yana uvuguvugu."

"Na mimi niko wapi?"

"Unapita na boti yako."

"Nisikupakie?"

"Unasimama, unaniuliza nina nauli."

Elikana alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamshika vidole, akasema kwa sauti ambayo hakuwa nayo mwaloni, "Yunisi wangu, siku nikikupakia sitakushusha."

Jioni alizokuwa kijijini alipiga simu kutoka juu ya mwamba, mahali pekee ambapo mtandao ulishika vizuri. Walizungumza mambo ya kawaida kabisa: upepo, bei ya mawese, mguu wa mama yake unaovimba. Yunisi alisikiliza akiwa amelala kitandani, dirisha wazi, sauti ya ziwa upande wake na sauti ya ziwa upande wa simu, asijue ni ipi iliyombembeleza.

Mwezi ulipokuwa mpevu na wavuvi wa dagaa wakapumzika, injini ya boti ya Elikana iliharibika akiwa kwao. Zaidi ya wiki nzima hakuonekana Kibirizi. Simu zake zikawa fupi. "Nitakueleza, mpenzi," alisema kila mara, na hakueleza. Vibakuli navyo havikurudi. Rafu ya Yunisi ikabaki na vichache, na wateja wengine akawa anawakatalia chakula.

Siku moja Castory, mfanyabiashara wa dagaa aliyezoea kula hapo, aliketi akitabasamu.

"Mpishi, hongera! Kumbe umefungua tawi Mwamgongo?"

"Tawi gani?"

"Si vibakuli vyako vile? Nimekula maharage humo pale gatini, kwa yule mama wa Kirundi, Consolate. Mke wa nahodha Elikana."

Upawa ulisimama hewani. "Mke?"

"Mjane wa kaka yake, marehemu Feliksi. Ukoo umekaa, nahodha anamrithi. Ina maana hujasikia?"

Yunisi alimaliza kumpakulia. Hata alimwongezea mboga. Kisha akatoka nyuma ya banda, akapiga simu.

"Elikana, Consolate ni nani?"

Upepo ulivuma ndani ya simu. "Nani kakuambia?"

"Ndilo la kwanza unalouliza?"

"Ni shemeji yangu. Kuna kikao cha ukoo, nilitaka kiishe kwanza ndipo..."

"Na vibakuli vyangu?"

"Anavitumia kidogo tu, anauza maharage. Ana watoto, Yunisi. Nilimwachia, mpenzi, sikuona..."

"Usiniite hivyo," alisema, akakata.

Elikana alibaki juu ya mwamba wake ameshika simu. Hakuwa amemwahidi Consolate neno lolote, wala Consolate hakuwa amemwomba. Wazee ndio walioliona jambo hilo kuwa rahisi: mjane yupo, watoto wapo, mdogo wa marehemu hajaoa. Mama yake alikuwa akilia kila wakilizungumza, na yeye, anayeweza kukatisha ziwa lililochafuka bila kutetemeka, hakuwa na nguvu za kusema hapana mbele ya machozi hayo. Kwa Yunisi vilevile hakuwa na nguvu za kusema kweli. Alinyamaza pande zote mbili, akidhani anamlinda kila mtu.

Alipiga tena jioni ile, na kesho yake. Yunisi hakupokea. Siku boti ilipotengemaa akaja Kibirizi, Yunisi alimtuma jirani amwambie hayupo, naye akiwa amechuchumaa nyuma ya pipa la maji, anasikiliza nyayo zake zikiondoka. Hakulia. Alihisi tu kwamba mchana umekuwa mrefu, na kelele zote za mwalo zinatoka mbali, kama redio ya nyumba ya pili.

Bi Wema, afisa wa manispaa aliyesimamia mradi, alipopita kukagua, Yunisi alimwonyesha rafu tupu.

"Andika nimeshindwa, mama. Nitarudisha vilivyobaki."

Bi Wema alivua miwani. "Umeshindwa, au umechoka?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Ipo. Wiki ijayo narudi. Kwa leo sijaona kitu."

Kabla wiki haijaisha, boti yenye mstari mwekundu ilitia nanga, na mwanamke mwembamba akashuka. Alikuwa amevaa gauni jeusi lililofuliwa mara nyingi, kitambaa cheupe kichwani, na mgongoni mtoto aliyelala. Nyuma yake mchukuzi alibeba kiroba kilicholia njuga kwa kila hatua. Alifika moja kwa moja mezani.

"Amahoro. Wewe ndiye Yunisi?"

"Ndiye."

"Mimi Consolate. Nimeleta vyombo vyako."

Kiroba kilifunguliwa. Vyote vilikuwa safi, vifuniko vimepangwa peke yavyo. Yunisi hakujua aweke wapi mikono yake.

"Keti, dada. Mtoto ni mzito."

Consolate aliketi, akanywa maji, akasema polepole, kama mtu anayechagua maneno kwenye ungo. "Nilivipokea kwa watu pale gatini, navitunza kwangu. Boti ikafa, vikajaa nyumba. Nikasema, niweke maharage humo niuze, watoto wale. Sikujua mwenyewe ana uchungu navyo. Unisamehe."

"Sikuwa na uchungu wa vibakuli peke yake."

"Najua." Consolate alitazama mikono yake. "Nilikimbia vita nikiwa mdogo. Feliksi alinichukua sina kitu, akanipenda. Sasa wananipa mdogo wake kama wanavyonipa shuka. Oya, sitaki! Jana nimewaambia kikaoni: mimi nataka kuishi na watoto wangu, nipike, niuze. Elikana akasimama baada yangu. Akasema anayempenda yuko Kibirizi, na amemkosea kwa kunyamaza. Mama yake alilia. Halafu akauliza, 'Basi huyo mwanamke wa vibakuli mbona haji?'"

Yunisi alishika ukingo wa meza. Mtoto aliamka, akamtazama, akapiga miayo.

"Aliposimama alikuwa anatetemeka," Consolate aliongeza, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Nahodha mzima."

Walikaa mpaka wali ukaiva. Kabla hawajaagana walikuwa wamepatana: abiria wa Mwamgongo watavirudisha kwa Consolate, naye atauzia chakula humohumo abiria wanaokuja mjini, ambao watavirudisha kwa Yunisi. Hakuna kibakuli kitakachosafiri bila kazi.

Bi Wema alipoelezwa alizunguka meza, akainua kifuniko kimoja, akakirudisha. "Mwamgongo haiko katika eneo la manispaa," alisema. "Ila takataka zetu zinakwenda kwao na zao zinakuja kwetu, wala hazituulizi mipaka. Andaeni mahali pa karo."

Tangu siku ile alipoambiwa Yunisi hayupo, Elikana hakuwa amethubutu kusogea bandani. Alikuwa botini, akifunga kamba ambazo zilikwisha kufungwa, alipoona kitenge cha zambarau kikija kati ya wachukuzi. Yunisi alisimama majini, viatu mkononi.

"Nahodha, kuna nafasi?"

"Ipo."

"Kwenda kwa mama yako."

Elikana aliachia kamba. "Yunisi, nilipaswa kukuambia siku ya kwanza."

"Ulipaswa. Ukininyamazia tena, nitahamia Kongo kwa miguu."

"Sitanyamaza."

"Basi nipe mkono, maji yana baridi."

Alimketisha karibu na usukani. Abiria waliokuwa wakiwajua walikohoa kwa makusudi, mama mmoja akapiga kigelegele kabla hata kamba haijafunguliwa. Boti ikatoka. Kigoma ikarudi nyuma, ikawa mabati yanayometameta, kisha ikawa mwanga tu. Upande wa kulia misitu ya Gombe ilishuka mpaka majini, na ziwa lilikuwa limetulia hivi kwamba milima ilionekana mara mbili, ya juu na ya chini, na boti ikipita katikati yake.

Yunisi aliingiza vidole majini. Yalikuwa na uvuguvugu sasa.

Elikana alipunguza injini. Sauti ikawa ndogo, ya kutosha watu wawili.

"Tukifika nikutambulishe vipi?"

"Kwa jina langu."

"Jina wanalijua. Nataka niseme, huyu ni mke wangu mtarajiwa. Nikisema hivyo, nitakuwa nimesema kweli?"

Yunisi alitazama maji yakipita kati ya vidole vyake. Alimwacha angoje kidogo, alistahili kungoja.

"Ego, ndiyo," alisema. "Utakuwa umesema kweli, mpenzi wangu."

Elikana alisahau usukani. Boti ikayumba upande, kuku wa mtu wakapiga kelele, na abiria wakamfokea nahodha huku wanacheka.

Jua lilikuwa limeanza kulegea walipofika Mwamgongo. Watu walikuwa wamesimama gatini, Consolate akiwa miongoni mwao na watoto wake. Mbele yao wote alisimama mwanamke mnene mwenye fimbo, gauni la maua, viatu vyeusi vya kanisani, mguu mmoja umevimba. Alimtazama Yunisi kutoka kilemba hadi kidole cha mguu. Yunisi alishika ukingo wa boti, hajui ashuke au angoje kuitwa.

"Shikamoo, mama," alisema kutoka hapo alipokuwa.

Mama Elikana alimpa Consolate fimbo yake. Kisha akaingia majini, na viatu vyake vya kanisani, mpaka maji yakafika magotini na gauni likaelea pembeni yake, akanyoosha mkono juu.

"Marahaba, mwanangu. Kanyaga hapa nilipo mimi. Hapo pako pana utelezi."