Kila Ukumbi Niliochagua Ulikuwa Mkubwa Mno

"Chukua nguo yako!"

Furushi la lesi ya kijani, sare ya harusi yangu, likatua mbele yangu. Nilikuwa bado nimepiga magoti, namsalimia!

"Anti, kuna nini tena?"

"Usiniite Anti! Harusi mmeshafanya, mmekula, mmecheza. Mimi dada wa mama yako, tumbo moja, sikuambiwa. Leo unaniletea kadi ya nini? Nije kuosha masufuria?"

Jamani... harusi ipi???

"Anti Bolatito, harusi ni wiki tano zijazo! Bwana harusi mwenyewe, Gbolahan, hata joho lake la agbada halijatoka kwa fundi!"

"Endelea kunifanya mtoto."

"Nani amekwambia?"

"Aliyeniambia hajawahi kusema uongo tangu azaliwe."

Mlango ukabamizwa. Nikabaki barazani na lesi mikononi, majirani wakinitazama.

Mniite Ayoka, wa hapa Ibadan. Majina nimebadilisha, msihangaike kututafuta. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Tulianza na ukumbi wa Bodija, wa watu mia sita. Wenyewe mnatujua, kwetu mia sita hata si wengi. Mama alikuwa mwalimu mkuu miaka thelathini na moja, nusu ya mtaa imepita mikononi mwake. Wote hao walikuwa wageni wetu, na nguo za sare walishachukua.

Halafu watu wakaanza kupungua.

Mmoja ana safari. Mwingine presha imepanda. Mwingine akaniblok kabisa! Sare zikawa zinarudishwa getini kwenye mifuko, bila hata salamu.

Mama mkwe mtarajiwa akaniita.

"Ayoka, upande wenu uko wapi?"

"Wanakuja, Mama."

"Mimi nina watu mia tatu. Nikiwaleta wote na nyinyi mko hamsini, watu watasema nini? Itabidi na mimi nipunguze."

Akapunguza. Bodija tukaiachia. Tukahamia ukumbi wa Mokola, wa watu mia mbili. Wiki mbili baadaye na huo ukawa unapwaya.

Nikimwambia Mama, ananijibu kwa utulivu tu, "Waache. Wana shughuli zao."

Nikajua ni heshima yake. Mama hakuwa mtu wa kubembeleza watu.

Sasa baada ya lile la Anti, akili ikanikaa sawa. Kuna mtu anapita akiwaambia watu harusi imeshafanyika! Na mtu mwenye namba za wageni wote alikuwa mmoja tu. Risikat. Rafiki yangu tangu shule ya msingi, ndiye aliyeandika orodha.

Nikamfuata saluni kwake. Mbele ya wateja!

"Risi, ni wewe?"

"Mimi nimefanya nini?"

"Nani mwingine ana namba zao? Unawapigia watu unawaambia nimeshaolewa!"

"Ayoka, unasikia unachosema?"

"Ulitaka uolewe wewe kwanza. Sema tu!"

Akaweka kitana chini, akafungua droo, akatoa orodha na kunipa mkononi.

"Nenda," akasema. Sauti ilikuwa ndogo kabisa.

Nikaondoka kifua mbele, najiona mshindi. Mjinga mimi!

Siku mbili baadaye nikaenda kuona ukumbi wa tatu, chumba cha juu cha hoteli moja ndogo barabara ya Ring. Watu sabini. Nikamchukua Mama, maana nilishachoka kuchagua peke yangu.

Meneja alikuwa kijana mpole. Akamvutia Mama kiti.

"Mama, tunategemea wageni wangapi?"

"Wageni wa nini?"

"Wa harusi ya binti yako."

Mama akacheka. Kile kicheko chake cha darasani, cha mwanafunzi aliyejibu ovyo.

"Huyu? Huyu ameshaolewa! Nilicheza mpaka mkanda wa kiatu ukakatika."

Nikajua anatania. Nikacheka na mimi.

"Mama bwana! Mwambie mwenzio, ana kazi."

"Namwambia. Nimewapigia watu wote kuwashukuru. Waliosema hawakuwepo nimewaomba radhi, nikawaambia tulifanya ya watu wachache tu."

Akafungua mkoba. Akatoa daftari.

Majina! Kurasa na kurasa za majina, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, na kila jina lina alama ya vyema kwa wino mwekundu. Bolatito, vyema. Mchungaji na mkewe, vyema. Walimu wenzake wote, vyema...

Meneja akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Mama akatuangalia mmoja mmoja, na tabasamu likaanza kumfifia usoni taratibu.

"Ayoka... nimekosea wapi?"

Nilimpeleka hospitali, na daktari hakuzunguka sana. Ni maradhi ya kusahau, yalikuwa yameanza zamani, dawa zinapunguza mwendo tu. Hayarudi nyuma.

Nilitoka pale na mpango mmoja. Nimpigie kila mtu, nieleze, warudi! Nilishashika simu. Lakini siku hiyo Mama alikuwa mzima kabisa, akili yake ile ile ya zamani. Akanishika mkono.

"Ni mimi niliyefukuza wageni wako?"

"Hapana, Mama."

"Usimdanganye mwalimu."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi nikuombe kitu kimoja. Usiwaambie. Watoto wao nimewafundisha kuhesabu. Nisiwe mtu wa kuonewa huruma sokoni."

"Mama, watu wanakasirika bure! Anti Bolatito..."

"Hata Bolatito. Niahidi."

Ningefanyaje, niambieni? Nikaahidi. Nikaweka simu chini.

Kuanzia hapo nilikuwa natazama tu. Watu wanaondoka, nami nina neno moja la kuwarudisha na siruhusiwi kulisema. Sabini wakawa arobaini. Arobaini wakawa kumi na tisa.

Gbolahan peke yake nilimwambia. Akasema, "Tuifanyie sebuleni kwa mama yako. Sehemu ngeni zinamtisha siku hizi."

Mama yake alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

"Mwanangu wa kwanza aoe sebuleni? Kwani nyinyi ni wakimbizi?"

"Ndivyo tulivyoamua, Mama," Gbolahan akajibu. Mama mkwe alikuja na watu wanane. Hakutabasamu hata kwenye picha.

Viti kumi na tisa. Sufuria moja ya wali wa jolofu. Mama alijifunga kilemba chake mwenyewe, kikasimama vizuri kuliko cha mtu yeyote. Alituwekea mikono kichwani akatubariki, hakukosea hata jina moja. Alicheza! Jamani, Mama alicheza...

Risikat nilimtumia meseji ndefu ya kuomba msamaha, bila kutaja ugonjwa. Aliisoma. Hajajibu mpaka leo.

Asubuhi baada ya harusi simu ikaita. Mama.

"Ayoka, mmeshapata ukumbi?"

Nikaketi kitandani.

"Ukumbi gani, Mama?"

"Wa harusi yako. Siku zinakwenda, mwanangu, na sijaalika mtu hata mmoja."

Ile harusi ambayo haikuwepo aliikumbuka mpaka mkanda wa kiatu. Hii ya kweli, aliyocheza jana yake, ilikuwa imeshafutika.

Huu ni mwaka wa pili. Sasa hivi Mama hajui tena cha kuonea aibu, ndiyo maana nimethubutu kuandika. Sikuandika ili mnipe pole. Nimeandika kwa ajili ya watu kama Anti yangu, na watu kama mimi. Ukisikia umetengwa, uliza. Piga magoti au simama, lakini uliza, na ungoje jibu. Anti hakuuliza. Mimi nilimuuliza Risikat, lakini nilikwenda kwake nikiwa na jibu langu tayari.

Mama bado ananipigia karibu kila asubuhi, na kila asubuhi namjibu vile vile, kwamba bado tunatafuta.

"Tafuteni mkubwa," ananiambia. "Watu wetu ni wengi."