Ushahidi wa Jemedari

Kila siku baada ya masomo, Redio alipitia kwenye karakana ya ushonaji ya mama yake. Jina hilo alipewa na mafundi, kwa kuwa tangu anapoingia mlangoni mpaka anapoondoka alikuwa hewani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na kazi yake ilikuwa kupiga picha nguo zilizokamilika kwa simu ya karakana na kuwatumia wateja. Nguo hizo zilivalishwa sanamu isiyo na kichwa, yenye mkono mmoja uliovunjika na kufungwa kwa futi kuukuu ya kupimia. Mafundi waliiita Bi Kiwiliwili, wakasema ndiye pekee humo ndani aliyeweza kumaliza siku bila kubishana na Redio.

Kumbe kwenye simu ileile Redio alikuwa na kazi nyingine. Katika jukwaa moja la mtandaoni aliitwa Jemedari. Huko watu wasiojuana walizozana kuhusu siasa na vita vya nchi mbili za mbali, na Jemedari alidai amewahi kupigana huko. Aliwafundisha watu wazima mahali pa kupeleka vifaru, ingawa hakuwahi kukiona hata kimoja.

Alasiri moja Jemedari alipodai kuwa soko la mji mmoja wa huko limepigwa bomu, mpinzani wake mkubwa, aliyejiita Mchambuzi, alimwandikia: "Toa ushahidi kwamba soko la mji ule limepigwa, la sivyo funga domo." Watu arobaini wakacheka chini ya maneno hayo. Redio akahisi uso unamchoma. Simuni mlikuwa na picha ya duka la vitambaa la jirani lililoungua mwaka juzi, siku mafundi walipokimbizia vitu vyao barabarani. Akaikata upande mmoja, akaiweka jukwaani na kuandika: "Soko kuu, leo asubuhi. Nani bado anabisha?"

Mchambuzi akatoka jukwaani. Pongezi zikamiminika. Redio akairudisha simu mezani akiwa amevimba kichwa, akafungua daftari la hesabu.

Haikupita saa moja. Kwenye cherehani ya dirishani aliketi fundi wa vifungo, mwanamke mpole ambaye Redio alimwita shangazi ingawa hawakuwa na udugu. Alitoka katika mji uleule miaka minne iliyopita, akikimbia vita. Mama yake mzazi alikataa kuhama. Aliishi ghorofani, juu ya soko lile. Redio alizijua habari hizo. Ni vile tu hakuwahi kuzifikiria.

Simu ya shangazi ilitoa mlio. Akaitazama huku mguu wake ungali kwenye kanyagio. Cherehani haikusimama. Mshono ulitoka kwenye tundu la kifungo, ukapanda kifuani mwa shati la mteja hadi kwenye kola, na yeye hakuuona.

"Soko limeungua," alisema polepole. "Wamekufa wote."

Redio alichungulia. Ilikuwa picha yake. Lakini hayo ya kufa hakuyaandika yeye. Mtu fulani aliyaongeza njiani.

Mama yake Redio alimshika fundi mabega, akamsihi apige simu nyumbani. Akapiga. Haikupatikana. Akapiga tena, na tena, mpaka mara ya sita. Kisha akateremka kitini, akakaa sakafuni katikati ya mabaki ya vitambaa. Hakulia, na hilo ndilo lililomtisha Redio kuliko yote.

Akainyakua simu ya karakana, akaifuta picha kule jukwaani. Alidhani yameisha. Alipogeuka, picha ilikuwa bado mkononi mwa shangazi, inang'aa vilevile.

"Shangazi, ni mimi," alisema. "Hiyo picha nimeiweka mimi. Si soko. Nilikuwa nabishana na watu."

Mkasi ulimponyoka mama yake. Fundi hakuinua hata macho.

"Usinifariji kwa uongo, mwanangu."

Redio alikuwa amesema kweli, na hakuaminika. Akaitafuta picha nzima kabla hajaikata, akapiga magoti, akamsogezea. Pembeni, ndani ya moshi, alisimama Bi Kiwiliwili, mkono umefungwa futi. Fundi aliitazama picha, akaitazama sanamu pale konani, akairudia picha. Ndipo akavuta pumzi ndefu.

"Nilikuwa nimeshamzika mama," alisema. Hakusema kwamba amesamehe.

Mama yake Redio, bila kupandisha sauti, alimwamuru aandike ukweli jukwaani palepale. Akaandika kwamba Jemedari ni mwanafunzi, hajawahi kuona vita, na picha ni ya duka la jirani yao. Alitarajia kuchekwa, na alichekwa. Kilichomshangaza ni wale waliosema kuwa sasa ndipo anapodanganya, kwamba amenunuliwa na adui. Picha nayo iliendelea kusambaa, kila mahali na maneno mapya.

Siku ya tatu mawasiliano yalirudi. Sauti ya bibi kizee ilijaa karakana, ikilalamika kwamba binti yake hapigi simu siku hizi, na je, anakula vizuri? Fundi alicheka huku machozi yanamtiririka. Alipomaliza kuzungumza, alimwita Redio, akamwekea mapajani lile shati lililoharibika, pamoja na wembe wa kufumulia.

"Mshono huu niliushona wakati nasoma maneno manne tu," alisema. "Leo utaona kuufumua kutakuchukua muda gani, na alama za sindano utaziacha humohumo. Kule mnakobishana mnaona ramani na bendera. Mimi namwona mama yangu dirishani. Kabla hujaandika jambo, hakikisha ni kweli. Kama hulijui, sema hulijui. Hakuna aliyewahi kufa kwa kusema hivyo."

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa fumua, na usichane kitambaa cha watu."

Redio aliinamia shati, akatoa uzi wa kwanza. Fundi mmoja aliuliza kama betri za redio zimekwisha. Redio akavuta uzi wa pili.