Bibi Aliyekaa Wima Ukutani

Kilichoanza kumtia kinyaa mshonaji ni pamba. Kila asubuhi alimsafisha mama yake macho, yaliyofanyiwa upasuaji wiki iliyopita, na pamba yenye usaha akaitupa kwenye beseni chini ya ukuta. Akitoka kwenye cherehani adhuhuri, anaikuta nyeupe pe, imelowa, inanata, imetafunwatafunwa. Akajisemea ni panya. Panya gani huyo anayefua pamba? Lakini daktari alikuwa ameonya kwamba uchafu ukiingia, mama haoni tena, na hilo tu ndilo alilolihofia.

Chumba kilikuwa na giza, dirisha limezibwa kwa mbao, kwa ajili ya macho hayo. Siku ya nne ya kuikuta pamba hivyo, juu ya beseni, akaona barabara nzima imepinduka ukutani: baiskeli matairi juu, muuza maji miguu juu kichwa chini. Mwanga ulipenya kwenye tundu la msumari dirishani. Mshonaji akacheka mpaka akashika mbavu. Wote walikuwa wamepinduka, isipokuwa bibi mmoja aliyechuchumaa wima, kichwa juu, akijilamba vidole.

Akatoka mbio kumsimulia jirani yake mpiga picha.

"Hayo si maajabu, dada," alisema yule, akifuta lenzi. "Mwanga ukipita kwenye tundu dogo, picha inageuka. Hata kamera ndivyo ilivyo."

"Kila kitu kinageuka?"

"Kila kilicho nje. Lazima."

"Na yule bibi je? Mbona yeye hakugeuka?"

Mkono wa mpiga picha ukasimama. Akashusha sauti. "Basi huyo hayuko nje, dada. Mama umemwacha na nani?"

Alikimbia viatu mkononi, na kizingitini harufu ya usaha uliochacha ikamjaa kooni mpaka matapishi yakampanda akayameza, huku ndani akisikia mtu anafyonza, fyo, fyo, taratibu, bila haraka, na alipousukuma mlango sauti ikakatika, barabara bado imepinduka ukutani na watu wake wote, ila pale pa yule bibi pakiwa patupu, na pamba ya asubuhi imo kwenye beseni na uchafu wake, haijaguswa.

Mama alikuwa ameketi kitandani, bandeji mapajani, upande mmoja wa uso ukichuruzika mate, kutoka jichoni hadi kidevuni.

"Umerudi kunimalizia jicho la pili, mwanangu?" aliuliza kwa upole. "Hili la kwanza haliniumi tena hata kidogo."