Hakuna Video, Hakuna Madai

Tunggul alikuwa fundi kompyuta, na kwa maoni yake hapakuwa na fundi mwingine jiji zima la Semarang. Wengine wote walikuwa wachoma waya. Wateja walikuwa mbumbumbu wenye simu za bei kubwa. Sisi majirani tulikuwa watu wa kuogopa saa ya magharibi na kutafsiri ndoto. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na kutwa nzima alikaa humo, miguu juu ya meza, bisibisi sikioni, akimbetulia midomo kila aliyepita kichochoroni. Ukutani nyuma yake alibandika karatasi ya herufi kubwa: HAKUNA VIDEO, HAKUNA MADAI.

Anayenunua vitu mtandaoni huku kwetu anaijua sheria hiyo. Mzigo ukifika, unawasha kamera kabla hujakata utepe, unarekodi mpaka kitu kitoke ndani ya boksi, bila kukatisha. Kikiwa kibovu, unatuma video na kudai kingine. Huna video, pole yako. Ni sheria ya maduka ya mbali, ya watu wasiojuana. Tunggul aliichukua akaileta kichochoroni, kwa watu aliosalimiana nao kila asubuhi, wengine hata hawakujua kamera ya simu iko upande gani.

Mmoja wao alikuwa Mbah Sinah, bibi muuza jamu, dawa ya mitishamba ya kunywa. Alipita kila alfajiri na chupa zake za dawa ndani ya kikapu mgongoni, midomo na vidole vyekundu kwa tambuu. Siku moja alikuja kumnunulia mjukuu wake, Puji, diski ya kompyuta ya kuhifadhia tasnifu yake ya chuo. Tunggul akampa diski aliyoichomoa kwenye kompyuta kuukuu ya mgahawa wa intaneti uliofungwa. Aliifuta vumbi, akaitia kwenye boksi safi, akabandika muhuri unaong'aa.

"Mpya kabisa hii, Mbah," alimwambia. "Hata mimi mwenyewe sijaigusa."

Diski ilikufa siku ya nane, na tasnifu ya Puji ikafa nayo.

Bibi alirudi mara tatu. Mara ya kwanza Tunggul alinyoosha kidole kwenye karatasi, akamuuliza kama anajua kusoma. Mara ya pili bibi akaapa mbele ya Mungu kwamba aliifungua kwa mikono yake mwenyewe, na Tunggul akamjibu kwamba Mungu hatumi video. Mara ya tatu alikuja anatabasamu. Alikuwa ameirudisha diski ndani ya boksi, akalibandika kwa punje za wali, akaazima simu, akajirekodi akilifungua upya. Alidhani ndivyo sheria inavyotaka. Tunggul akaitazama video hiyo. Ilikuwa dakika nne za wekundu mtupu.

"Mbah!" alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Umeziba kamera! Umerekodi kidole gumba chako!"

Akatuita tuje kuona. Tulikwenda, tukacheka, siwezi kusema hatukucheka. Bibi alisimama mlangoni akitungoja tumalize. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo bado haijatosha, mwanangu?" Wiki haikuisha, akafa usingizini. Tunggul hakwenda hata kuzika.

Mtu huyo alikuwa na mahali pamoja tu palipokuwa laini. Mkewe, Ratri, alikuwa na mimba ya miezi minane, na mbili za kabla yake zilikuwa zimetoka. Kwa hii ya tatu Tunggul alifua, alipika, alimkanda mkewe miguu, na kila siku alilaza sikio kwenye tumbo lake mpaka asikie teke. Ungemwona wakati huo usingeamini kwamba ni yule yule. Alimtaka mtoto yule kuliko kitu chochote, na hakuona haya kusema.

Ikafika arobaini ya Mbah Sinah. Jioni ile kichochoro kizima kilikuwa kinajiandaa kwenda kwenye dua, na ndipo mpeleka mizigo akasimamisha pikipiki kwa Tunggul. Kadi ya picha, ile inayoiwezesha kompyuta kuonyesha picha kwenye skrini, aliyoiagiza kwa ajili ya mteja ilikuwa imefika.

Ratri alikuwa mlangoni, mtandio kichwani.

"Usiifungue sasa, Mas," alisema. "Ndiyo magharibi hii. Ngoja tukirudi."

"Kadi ya picha haijui magharibi."

"Basi twende kwanza kwenye arobaini."

"Nikale biskuti za wafu? Nenda wewe, ukaniombee nipate akili."

Ratri akaenda zake. Tunggul akaisimamisha simu kwenye stendi yake ndogo ya chuma, akaanza kurekodi, akakata utepe. Muhuri ulikuwa mzima. Kadi ilikuwa imelala kwenye sponji yake, nzuri, inanukia upya. Akaipachika, akawasha kompyuta. Feni hazikuzunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Akaichomoa, akaipachika tena, akabadilisha waya. Wapi. Alipoigeuza akaona doa nyuma yake, jekundu, bichi. Alama ya kidole gumba. Akaifuta kwa spiriti mara tatu, nayo haikutoka.

Alituma video dukani na maneno ya shombo, kwamba wanauza takataka zilizoshikwa na wala tambuu. Asubuhi jibu likaja, na jibu lenyewe lilikuwa na dharau kama yake: "Ombi limekataliwa. Aliyetoa bidhaa ndani ya boksi si mnunuzi. Mwambie bibi yako asiguse vitu vya umeme kwa mikono michafu."

Tunggul akafyonya. Bibi zake wote wawili walikuwa wamekufa. "Wehu hawa," alisema peke yake, akaifungua video ili apate ushahidi wa kuwatukania.

Akajiona anakata utepe. Akajiona anafunua kifuniko. Kisha mikono mingine ikaingia kutoka chini ya picha. Miembamba. Ngozi imekunjamana. Vidole vyekundu. Ikaitoa kadi polepole, ikaiinua kwenye mwanga, ikaigeuza. Kidole gumba kikaikandamiza. Halafu mikono ile ikamwekea kadi kiganjani, na Tunggul wa kwenye video akaipokea anatabasamu.

Hakumwambia mkewe. Aliagiza kadi nyingine, duka jingine, mji mwingine. Ilipofika aliifungua saa sita mchana, jua kali, mlango umefungwa kwa komeo, Ratri amelala nyuma ya pazia. Alitazama kila pembe ya chumba kabla ya kukata utepe. Hapakuwa na mtu. Kadi hii nayo ilikuwa maiti. Nyuma yake doa lilikuwa bado linateleza.

Akaifungua video. Hakuna aliyegusa boksi safari hii. Akapumua. Kisha akaangalia nyuma ya bega lake mwenyewe, pale kwenye picha.

Alikuwa amesimama pale. Kikapu mgongoni. Chupa zimetulia. Hakulitazama boksi hata kidogo. Alilitazama pazia.

Midomo yake ilikuwa inacheza. Tunggul akaongeza sauti. Haikutosha. Akaiweka simu sikioni.

"Na kile kipya kingine," sauti ilinong'ona, "kinafunguliwa lini?"

Simu ikamponyoka. Alilipasua pazia, akapiga magoti kitandani, akalaza sikio kwenye tumbo la mkewe. Kimya. Ratri akashtuka usingizini, akauliza kuna nini. Akamwambia anyamaze. Kimya. Akahesabu mpaka thelathini. Akahesabu tena. Ndipo likaja teke moja, dogo, la mbali. Tunggul akalia kwa sauti, na Ratri, ambaye hakuwahi kumwona analia, akaogopa kuliko yeye.

Siku ya pili yake alikwenda kwa Puji na diski, mpya kwelikweli safari hii, bora kuliko zote dukani. Puji alikuwa anaosha chupa za bibi yake. Yeye ndiye aliyeirithi biashara ya jamu, maana mwaka wa chuo ulikuwa umeshampotea.

"Nimekuletea nyingine badala ya ile," Tunggul alisema. "Ilikuwa mbovu."

"Ilikuwa mbovu?" Puji hakuinua kichwa. "Video iko wapi, Pak Tunggul?"

"Puji, nakuomba."

"Bibi alifanya mazoezi ya kushika simu siku mbili. Alikuwa ananiuliza, hivi nimeishika sawa? Na mimi nilikuwa na haraka, nikamwambia sawa." Akaisukuma diski kwa mgongo wa mkono, kama anayesukuma mavi ya paka. "Mimi sina madai. Mwenye madai ni yeye. Na alichotaka hakikuwa diski peke yake. Alitaka useme."

"Niseme nini?"

Puji akamtazama kwa mara ya kwanza. "Hata hujui," alisema, akaingia ndani, akafunga mlango.

Uchungu ulimshika Ratri siku tatu baadaye, kabla ya wakati wake. Walifika kwa mkunga baada ya alasiri, jua bado liko dirishani. Tunggul aliisimamisha simu juu ya rafu, akaiegemeza kwenye chupa ya chai, kamera inatazama kitanda. Mkunga akamwuliza kama ana akili timamu. Tunggul alitaka kujua kama yule bibi ataingia, na macho yake mwenyewe hakuyaamini tena. Simu ilikuwa juu, mbali na kila mtu. Hakuna aliyeigusa.

Mtoto alitoka. Wa kike. Mzima wa viungo, vidole vyote, nywele tele.

Hakulia.

Mkunga akamsugua mgongo. Akamfuta puani. Akampiga nyayo. Hakulia. Mwili ulikuwa laini, wa moto, na umetulia tu. Rangi ikaanza kumbadilika midomoni. "Lia, mama," mkunga alinong'ona. "Lia." Ratri alinyanyua kichwa kwenye mto akauliza mbona kimya. Akauliza tena. Chumba kizima kikanuka tambuu.

Tunggul akaanguka magoti. Hakuwa anamtazama mkunga wala mkewe. Alikuwa anatazama hewa tupu kando ya kitanda.

"Ilikuwa ya zamani, Mbah!" alipiga kelele. "Diski ilikuwa ya zamani. Nilijua. Nilibandika muhuri mwenyewe. Nilijua tangu siku ya kwanza, nikakucheka!"

Ratri akageuza kichwa akamtazama mumewe.

Mtoto akalia.

Alilia kwa nguvu hata mkunga akacheka kwa ahueni, akasema mapafu yalikuwa na maji tu, hutokea. Tunggul akamwadhinia sikioni kwa sauti iliyokatikakatika. Jioni ile ile alirudi dukani akaichana karatasi ya ukutani, akaukwangua utepe wake kwa kucha mpaka rangi ya ukuta ikabanduka. Mtoto yupo, anatambaa sasa, ana kelele za kutosha kichochoro kizima. Ila Ratri hampi mumewe jibu refu siku hizi. Akimwambia kitu, Ratri humtazama kwanza, kama mtu anayekagua muhuri.

Ile video ya kwa mkunga ipo. Ratri ndiye aliyeitunza, na alituonyesha sisi wanawake siku ya kumpa mtoto jina. Ina dakika kumi na moja, bila kukatisha. Sauti zimo zote: mkunga, Ratri, kimya kile, Tunggul akipiga kelele. Baada ya maneno yake kuna mtu anakohoa, kikohozi kikavu cha kizee, na anatema. Kisha mtoto analia.

Picha haimo. Tangu mwanzo hadi mwisho ni wekundu mtupu, na ukiisogeza simu karibu na macho unaiona mistari ya ngozi.

Tuliitazama mpaka ikaisha. Safari hii hakuna aliyecheka.