Kompyuta Iliyolazwa kwenye Pamba

Miaka ile, msimu wa pamba ulipofika Bariadi, watu walihama vyumba vyao wakaipisha pamba. Nyumbani kwa mzee Ngassa, pembezoni mwa mji, chumba cha nyuma kilijaa hadi usawa wa dirisha, na watoto wakahamia sebuleni. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja tu, chama cha ushirika. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, kila mmoja na mizani yake na bei yake, na mzee Ngassa alifurahia kuwasubirisha.

"Waache wagombane kidogo," alikuwa akisema. "Pamba haiozi kwa kusubiri. Mimi pia siozi."

Kila asubuhi Milembe, binti yake wa miaka kumi na miwili, alifagia uwanja, akachota maji, akanywa uji, kisha akaingia chumba cha nyuma kuchambua pamba. Nyeupe safi aliiweka upande mmoja. Ile yenye madoa na vijani vikavu, ambayo wote waliiita fifi, aliiweka upande mwingine. Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ila haikuwa na mwisho. Ukichambua rundo hili, baba anaingiza rundo lingine.

Likizo ya mwezi wa sita kaka yake, Elia, alirudi kutoka chuoni Mwanza na kitu kilichowatoa majirani majumbani: kompyuta mpakato. Tena haikuwa ya kawaida. Ilitengenezwa Ulaya kwa ajili ya wacheza gemu, ikafika Mwanza ikiwa mtumba. Ilikuwa nene kama Biblia ya madhabahuni. Mfuniko wake ulichorwa miali ya moto, na chaja yake ilikuwa kubwa kama tofali. Mzee Ngassa aliinyanyua, akaipima kwa mikono, akatikisa kichwa.

"Hii ukiifunga jembe inalima," alisema.

Elia hakuinunua kwa ajili ya michezo. Alikuwa akiandika ripoti yake ya mwisho wa mwaka, na ilitakiwa Mwanza Jumatatu ya kufungua chuo. Asiyepeleka ripoti siku hiyo angerudia mwaka mzima. Ripoti yote ilikuwa ndani ya mashine ile na haikuwa mahali pengine popote. Hata hivyo, Elia hakuwa mchoyo. Alimwonyesha Milembe gemu la magari ya mashindano.

"Cheza ninapokwenda mpirani," alisema. "Ila isitoke mezani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, kaka."

Milembe alielewa kweli. Tatizo ni kwamba meza ilikuwa sebuleni, na sebuleni alipita mama yake, Mektilda, ambaye angeuliza pamba imefikia wapi. Kwa hiyo Elia alipovaa viatu vya mpira tu, kompyuta ilihamia chumba cha nyuma, waya wake mrefu ukipenya chini ya mlango. Lucy, rafiki yake Milembe, alikuwa akimsubiri humo.

Mahali pa kuiweka hapakuwa na mjadala. Mayai ya kupeleka sokoni yalisafiri ndani ya pamba. Vioo vya taa za chemli vilitoka dukani vimefungwa kwa pamba. Katika nyumba ile, kitu chochote cha kuvunjika kililazwa kwenye pamba. Milembe alichimba kishimo kizuri juu ya rundo, akailaza kompyuta humo, akaikandamizia pamba pembeni isiteleze.

"Imekaa kama mwana wa mfalme," Lucy alisema. "Haya, endesha! Leo nakupita hadi ushangae."

"Wewe? Jana uligonga ukuta ule ule mara ngapi?"

"Ukuta ulinifuata."

Walicheka, wakacheza, na pamba ikabaki bila kuchambuliwa.

Baadaye likizoni, mashine ilianza kuugua. Kwanza ilipiga kelele kama mashine ya kusaga. Kisha magari ya gemu, yaliyokuwa yakiruka kama swala, yakaanza kutembea kama ng'ombe wanaotoka kulima. Ijumaa mchana, Elia akiwa mezani anaandika sura ya mwisho, kioo kikawa cheusi. Akaiwasha tena. Aliandika mistari michache, ikazima tena.

"Umeme huo," mzee Ngassa alisema bila hata kunyanyuka kwenye kiti. "Jineri kule kiwandani imeanza kutenga pamba ya watu na mbegu. Zile mashine zikianza kula umeme, sisi huku tunabakiziwa makombo. Hata redio yangu iliwahi kuzima hivyo hivyo. Nikaifungua, nikakuta jongoo amekaa kwenye spika anasikiliza taarifa ya habari."

"Baba Elia, jamani," Mektilda alisema. "Mtoto ana shida, wewe unaleta jongoo."

Lakini maneno ya umeme hayakuwa ya kupuuza. Kweli, jineri iliponguruma taa za mtaa mzima zilififia na kuwa nyekundu. Elia akaazima kwa jirani stabilaiza ya kutuliza umeme. Mashine ikazima. Akahamisha chaja kwenye soketi nyingine. Ikazima. Akachomoa betri, akaiendesha kwa chaja peke yake. Ikazima upesi zaidi. Aliketi akiwa ameshika kichwa, na Milembe, aliyekuwa mlangoni, akaona macho ya kaka yake yamelowa. Hakuwahi kuyaona hivyo tangu bibi yao alipofariki.

Alitoka nje akamkuta Lucy.

"Unafikiri ni sisi?" alimnong'oneza.

"Sisi tumefanya nini? Hatukuiangusha, hatukuimwagia maji. Tena wewe uliilaza pazuri." Lucy aliangalia huku na huku. "Nyamaza tu. Wote wanalaumu umeme, na umeme hauna mdomo."

Jumamosi asubuhi Elia alibeba kompyuta kwenda kwa fundi, na Milembe akabeba chaja. Fundi alikuwa Wilhelmina, mama mmoja mwenye sauti nzito aliyesomea ufundi Shinyanga. Kibanda chake kilikuwa karibu na stendi, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo.

"Mwangaluka, mayu," Elia alimsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka. Leteni huyo mgonjwa wenu."

Elia alieleza kila kitu: jineri, stabilaiza, soketi, betri. Wilhelmina alisikiliza mpaka mwisho. Akachomeka chaja, akagusisha ncha za mita yake, akatazama mshale.

"Chaja nzima. Umeme unafika kama unavyotakiwa. Jineri haina kosa hapa." Akaiwasha kompyuta, akangoja kidogo, akaweka kiganja chini yake. "Ila ina joto kama chungu kilichotoka jikoni. Nyumbani inakaa wapi?"

"Mezani," Elia alijibu bila kusita. "Haijatoka mezani tangu nifike."

"Una hakika?"

"Kabisa, mayu."

Fundi akashusha pumzi. "Basi nitasema ni ubao wa ndani umeungua. Huo siugusi, mwanangu, nisije nikaumaliza. Itabidi iende Mwanza, na huko watataka wiki mbili."

"Wiki mbili!" Elia alisema. "Ripoti ni Jumatatu."

Milembe aliikumbatia chaja. Ilikuwa nzito. Akinyamaza, hakuna atakayejua, maana umeme hauna mdomo. Akisema, huenda asiguse tena mashine ile, na baba atajua ni nani aliyeacha pamba msimu mzima. Akamtazama kaka yake, aliyekuwa ameanza kufunga begi taratibu kama mtu anayefunga mizigo ya msiba.

"Haikukaa mezani," alisema.

Wote wawili wakageuka.

"Ulipokuwa mpirani nilikuwa naipeleka chumba cha nyuma. Kila siku. Badala ya kuchambua pamba nilikuwa nacheza gemu, nailaza kwenye rundo, isiumie. Naikandamizia na pembeni."

Elia aliliachia begi. "Nilikwambia nini, Milembe? Nilikwambia isitoke mezani!"

"Mgombeze baadaye," Wilhelmina alisema, tayari ameshika bisibisi. "Ametuokolea safari ya Mwanza huyu. Tazama hapa chini, haya matundu. Hii ni pua yake. Ndani kuna feni inayovuta hewa kuipoza. Sasa ukiilaza kwenye pamba, itavuta nini?"

Alifungua skrubu moja baada ya nyingine, akanyanyua kifuniko. Feni haikuonekana. Palikuwa na kitu cheupe chenye madoa na vumbi, kimeshindiliwa na kufumwa vizuri kama godoro la panya. Wilhelmina alikivuta kwa koleo dogo, kikatoka chote kwa mara moja, akakiweka kwenye kiganja cha Milembe.

"Ilikuwa haipumui. Ikipata joto inapunguza mwendo ili isiungue. Joto likizidi, inajizima yenyewe. Haina ubovu, ilikuwa inajiokoa."

Alisafisha feni kwa brashi laini, akapuliza vumbi, akafunga, akaiwasha. Mashine ikanong'ona badala ya kunguruma. Elia akafungua ripoti, akaandika mstari, akaandika mwingine. Wakasubiri, mita ikiwa bado mezani na redio moja ikiimba kwaya. Mashine haikuzima.

"Milembe," fundi alisema, akifuta mikono, "mimi napima umeme, lakini sina mita ya kupima yaliyotokea kwenu wakati sipo. Hayo ananiambia aliyeyaona. Aliyeyaona akinyamaza, nitatibu chaja mpaka kiyama na ugonjwa uko kwenye feni. Ulikosea kwa kumdanganya kaka yako na kukimbia kazi. Umetengeneza kwa kusema kabla hatujachelewa. Ukiharibu kitu cha mtu, sema mapema, hata kama hakuna anayekushuku."

"Nimeelewa, mayu. Kaka, nisamehe."

Elia aliifunga kompyuta. Halafu akamvuta sikio, si kwa nguvu. "Jumatatu nikishapanda basi, utachambua pamba yote ile."

"Yote."

Na aliichambua, rundo kwa rundo, mpaka sakafu ya chumba cha nyuma ikaonekana na mnunuzi wa bei nzuri akaja na lori lake. Elia alifika Mwanza na ripoti yake. Aliporudi likizo iliyofuata alikuja na kibao kipana cha mbao, akakiweka mezani, akaweka kompyuta juu yake. "Hapa unaweza kucheza," alimwambia dada yake. "Kazi ikiisha."

Lucy alisema kibao kile ni kigumu mno kwa mwana wa mfalme.

Mzee Ngassa ndiye aliyefaidi zaidi, maana alipata hadithi. Mwanzoni aliwaambia wageni kwamba kompyuta ya Elia ilitoa pamba ya kujaza kofia. Mvua za kwanza zilipoanza, kofia ilikuwa imekuwa ndoo. Kufikia Krismasi, akiwa na wageni kutoka Maswa, alinyoosha mikono yake yote miwili.

"Nusu gunia!" alisema. "Nusu gunia, tena pamba safi! Nilitaka kuipeleka kwenye mizani."

Wageni wakaguna kwa mshangao. Milembe, aliyekuwa akiwapa maji ya kunawa, akasimama wima.

"Baba, ilikuwa kiganja kimoja," alisema. "Tena ilikuwa fifi. Niliishika mimi."

Mzee Ngassa alimtazama binti yake, akashusha mikono yake polepole, akacheka mpaka akakohoa.

"Haya," aliwaambia wageni. "Mwenye pamba yake amesema. Kiganja kimoja."