Anayeitaka Aje Tabora

Tabora ina mengi ya kujivunia: asali, maembe, na watu wasioishiwa maneno. Bahari haina. Ukitaka kuiona unadamka alfajiri, unapanda basi, unakwenda mpaka makalio yasahau kama ni yako. Kwa hiyo asubuhi ile Mwanajuma alipopiga funda la maji ya mtungi, nyumbani kwake Isevya, akakuta yana chumvi, hakuiwazia bahari. Alimuwazia binti yake.

"Hafsa! Nani katia chumvi mtungini?"

"Sijui, mama. Mimi mwenyewe nimeyanywa hivyohivyo."

"Umeyanywa hivi yalivyo? Kwa nini?"

"Nilikuwa na kiu."

Mwanajuma aliyamwaga, akausugua mtungi kwa majivu, akajaza maji mengine. Hakuwa na muda wa kuchunguza. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndiyo ofisi, na kazi yake ni kuwapeleka watu pwani, hasa akina mama ambao wamelima na kuuza maisha yao yote bila kuona maji yasiyo na ng'ambo. Safari hii walikuwa akina mama wa Igalula, chini ya mwenyekiti wao Paskazia, na kila kitu kilikuwa tayari: basi, mpishi, na ufukwe mzuri ulio jirani na Bustani ya Mikokoni. Ni bustani ya mila na miti, yenye nyumba za kizamani za Kizaramo, ngoma za jioni, na msitu mnene unaoshuka mpaka kwenye mchanga.

Alikuwa amekwenda kuikagua mwenyewe, mwezi uliopita. Na huko ndiko alikofanya jambo ambalo ni Mnyamwezi tu angelifanya.

Mtembezaji wa wageni hapo alikuwa mzee Mzaramo aitwaye Rashidi. Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana, salamu ni matusi. Ni watani tangu enzi za misafara, wazee wa Mwanajuma walipokuwa wakishuka pwani na pembe mabegani. Mtani hukutukana usinune, na akiona kitu chako akakipenda, hukitwaa mbele ya macho yako, nawe huna la kufanya isipokuwa kukikomboa kwa kumridhisha. Rashidi alimwita mpagazi, Mwanajuma akamwita mla nazi, wakacheka mpaka wakafika ukingoni mwa msitu, penye kibanda kidogo cha makuti. Ndani mlikuwa na chungu cha maji, na juu yake kata ya kifuu yenye mpini mrefu, nyeusi kwa uzee. Mwanajuma aliinyakua, akaiinua juu.

"Hii imekwenda! Anayeitaka aje Tabora aikomboe!"

Rashidi alikuwa mbele, akadhani ni kata ya jikoni kwake. Alicheka tu. Mwanajuma akarudi nayo, akaitundika ukutani ofisini, juu ya meza.

Basi. Mtungi ulisuguliwa, na kesho yake maji yakawa na chumvi tena. Kesho kutwa ulikuwa mkavu kabisa, na pembeni yake sakafuni palikuwa na mchanga mweupe, laini, ambao Tabora nzima huupati. Nyumba ikaanza kunuka mwani. Mwanajuma alifagia, akafukiza udi, akafungua madirisha, lakini harufu ilikaa palepale, na ilikuwa kali zaidi chumbani kwa Hafsa.

Kisha ikaja ile sauti. Ilianza magharibi, watu wakiwa msikitini: krrr, krrr, kama mtu anakwangua chini ya mtungi akitafuta tone la mwisho. Mwanajuma alitoka jikoni na taa ya simu, akamkuta Hafsa amepiga magoti mbele ya mtungi mtupu, mkono wake wa kulia umezama ndani mpaka begani, anachota hewa, anaipeleka mdomoni, anameza. Nywele zake alizosuka juzi zilikuwa zinachuruzika maji. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

"Hafsa, mwanangu," alinong'ona Mwanajuma. "Unafanya nini?"

"Anasema ana kiu, mama," Hafsa alijibu, naye kwa kunong'ona. "Anasema ulimchukulia cha kunywea."

Tuseme ukweli, Mwanajuma aliogopa. Ndipo alipoitazama ile kata ukutani kwa mara ya kwanza tangu aitundike, akaona inadondosha maji juu ya meza, tone baada ya tone, ilhali hakuna aliyeigusa.

Ustadhi alikuja akasoma, na Hafsa akalala usingizi mzuri. Ustadhi alipoondoka, kiu ikarudi. Msichana wa miaka kumi na saba akawa amesinyaa, ngozi ya mikono imekunjamana kama ya bibi kizee, anakunywa ndoo nzima na bado analia maji. Ndipo akaitwa mganga Masolwa kutoka Ziba, mtu mzito, asiyependa kurudia neno. Alimnusa Hafsa kichwani, akaiangalia kata bila kuigusa, akaketi.

"Mayu, mama yangu, jini huyu ni wa maji ya chumvi," alisema kwa sauti ya chini. "Umemtolea wapi?"

Mwanajuma alimweleza.

"Nitamrudishia kata yake," akamalizia. "Hata leo naondoka."

Kabla Masolwa hajajibu, Hafsa alicheka kutoka kwenye mkeka. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa nzito, ya kuvutavuta maneno, lafudhi ya pwani tupu.

"Kata bila mkono ni kifuu tu, Mnyamwezi. Nimeshaupata mkono. Baki na kifuu chako."

Masolwa aliinamisha kichwa. "Umesikia. Hawa hawafukuzwi, mayu. Hawa hufugwa. Mtoto atavaa nyeupe, atamchotea maji asubuhi na jioni. Hataolewa, hatavuka mipaka ya mji. Na wewe, pwani usiende tena, wala usimpeleke mtu. Hapo ataishi."

"Ataishi?"

"Atapumua," alisema mganga.

Wapo watakaosema hapo angenyenyekea. Jini ni jini. Lakini Mwanajuma alikuwa na kasoro moja tangu utotoni, nayo ni kwamba ukimtisha sana, hofu humwisha, inabaki hasira. Alimshukuru Masolwa, akampa kuku wa ujira wake, akamsindikiza mpaka mlangoni.

"Mwanangu si mtungi wa mtu," akamwambia. "Maji nimeshayavulia nguo. Nitayaoga."

Akampigia simu Rashidi. Mzee yule aliposikia habari ya kata alimkatiza katikati ya sentensi.

"Mama Hafsa, ile haikuwa yangu," alisema. "Nilidhani umechukua ya jikoni. Ile ni ya mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Hatumtaji. Tumemkuta, na babu zetu walimkuta. Tukivuna tunampelekea. Tukipiga ngoma anacheza, tunaona mchanga unatimka. Tukizika, usiku tunasikia naye analia."

Mwanajuma aliketi wima. "Hebu subiri. Anakula chenu?"

"Anakula."

"Anacheza ngoma yenu na analia kwenye misiba yenu?"

"Ndiyo, mama. Sasa unaniuliza nini?"

"Nakuuliza kabila lake."

Rashidi akasema polepole, kama mtu anayeonja kitu kipya, "Ni mwenzetu. Kusema kweli, ni Mzaramo."

"Basi ni mtani wangu. Na mimi nilisema anayeitaka aje Tabora aikomboe. Amekuja, hajakomboa. Nani mwenye kosa?"

Kesho yake Paskazia alifika kutoka Igalula na kapu la viazi, akitaka kujua kama safari ipo au imekufa. Aliposimuliwa alijishika kifua, akafanya ishara ya msalaba, lakini hakuondoka. "Utani haufanywi bila shahidi," alisema. "Mimi nakaa."

Wakamlaza Hafsa kwenye mkeka ukumbini, simu ikawekwa kifuani pa Paskazia na Rashidi akiwa hewani kwa sauti kubwa, mtungi ukajazwa mpaka juu. Jua lilikuwa la utosi. Mwanajuma akaitungua kata ukutani, akaigonga mara moja kwenye mtungi, na papo hapo mwanga wa dirishani ukafifia kana kwamba mtu amesimama nje akauziba, harufu ya mwani ikapanda mpaka macho yakawasha, na maji ya mtungini yakaanza kushuka yenyewe, yakishuka taratibu bila kumwagika popote, huku koo la Hafsa likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, na mchanga ukija chini ya mlango kwa mikunjo midogo midogo, unakuja, unarudi, unakuja tena mbele zaidi, hadi ukagusa vidole vya miguu ya Mwanajuma, wa baridi.

"Lete mkono wangu," ilisema ile sauti kinywani mwa Hafsa.

"Mkono wako una nini, umeoza?" Mwanajuma alijibu. "Haya, ndiyo maana nasema, Mzaramo hata akiwa jini ni mvivu! Umekaa pembeni ya bahari nzima, kiu inakushika, unapanda mpaka Tabora kuiba maji ya bomba! Huoni haya?"

Paa la bati liligongwa kwa nguvu, vumbi likaanguka. Paskazia alifumba macho.

"Nitamkausha," ilisema sauti.

"Umekasirika? Rashidi, unasikia? Amekasirika!"

"Nasikia," simu ilijibu, sauti ya mzee ikiwa imekauka. Kisha akajikaza. "Bwana mkubwa, samahani. Mtani hakasiriki. Ukikasirika unatuaibisha sote huku."

"Mpagazi huyu ameniibia!"

"Sikuiba, nimetwaa, na nilitangaza," alisema Mwanajuma. Alipiga magoti, akakisogeza kichwa cha mwanawe mapajani, uso kwa uso na macho yale yasiyo ya Hafsa. Moyo ulimuuma kuona alivyokauka, na uchungu ule ndio uliompa maneno. "Sikiliza, mcheza ngoma wewe, mla mihogo usiyelima. Babu zangu waliwabebea watu wa pwani pembe na vitambaa mpaka mabega yakaota sugu, na mkiwaita wapagazi walicheka, kwa sababu ni utani. Sasa wewe unachukua mtoto kwa kifuu? Huo si utani, huo ni ushamba. Kata yako hii hapa. Ikomboe. Bei yake ni Hafsa, mzima, na kiu yako uondoke nayo. Hutaki, nitakwenda kuwaambia majini wa pwani yote kwamba kuna Mzaramo mmoja alitaniwa na mwanamke wa Isevya akaanza kulia."

Mchanga ulisimama. Kisha koo la Hafsa likaanza kutikisika, na Mwanajuma akadhani mwanawe anakufa, akamkumbatia akipiga ukelele. Kumbe ni kicheko. Kilianza chinichini, kikapanda, kikatoka kinywani mwa msichana, kikaenda mpaka darini, kicheko cha mtu mzima aliyepatikana, mpaka Rashidi naye akaanza kucheka kwenye simu bila kutaka.

"Mpagazi," ilisema sauti, sasa ikitokea mlangoni, "una mdomo mchafu. Lakini utani haulali upande mmoja."

Mwanga ukarudi. Mkononi mwa Mwanajuma hamkuwa na kata. Hafsa alifumbua macho, akajilamba midomo.

"Mama, nina njaa," alisema.

Mwanajuma alilia hapo kwa sauti, bila aibu, na Paskazia akalia naye huku akimenya viazi.

Jioni, Paskazia akiwa amesharudi Igalula na msichana akiwa ameshiba na ngozi imeanza kunawiri, mama yake alimkalisha kati ya magoti yake amfumue nywele. Alifumua msuko mmoja baada ya mwingine, akihesabu baraka. Nyuma ya sikio la kushoto vidole vyake vikakuta pengo. Msuko mzima haupo. Ulikuwa umenyofolewa usawa wa ngozi, pasipo kidonda, na pale palikuwa pa baridi na pananuka mwani.

"Hafsa, nani kakukata hapa?"

"Mchana nilipokuwa nimelala, kuna mtu alinigusa," alisema Hafsa kwa usingizi. "Akasema anayeutaka aje pwani aukomboe."

Mwanajuma aliweka kitana chini. Kisha kona ya mdomo wake ikapanda, akachukua simu.

"Paskazia? Safari iko palepale. Waambie akina mama wafunge mizigo, na kila mmoja aje na tusi lake bora. Tunakwenda kukomboa."