Bastola ya Nahodha Noëlla

Mikono miwili iliidaka bastola ileile kwa wakati mmoja, mmoja ukashika mpini, mwingine mtutu, na hakuna aliyetaka kuachia.

"Dada, niliiona mimi kwanza," mwanamume akasema.

"Wewe uliiona. Mimi nimeishika."

Ilikuwa Jumapili asubuhi kwenye soko la La Batte, kandokando ya mto Meuse mjini Liège, ambako kuku wa kuchoma, jibini, soksi na vyuma vikuukuu vilivyoachwa na marehemu huuzwa bega kwa bega. Noëlla Henrotte, mpokea wagonjwa kwenye zahanati ya meno, alikuwa amevaa koti refu la ngozi ya kahawia lenye vifungo kumi na viwili vya shaba, mkanda mpana, buti za kufika magotini, na miwani ya rubani juu ya nywele zake nyekundu. Watu walimgeukia. Aliwatazama mpaka wakageukia mambo yao.

Vazi hilo la nahodha wa meli ya angani alikuwa amelishona kwa miaka miwili, kwa ajili ya tamasha la Juni ambapo watu wazima wenye akili timamu huvaa kama wasafiri wa enzi za mvuke. Lilikuwa limebaki pengo moja tu, pale kwenye mkanda, upande wa kulia.

"Silinda haizunguki," mwanamume akasema, bado ameushikilia mtutu. "Mimi ni fundi saa. Nilitaka kuona imekwama wapi. Halafu huyu ELG aliyechorwa hapa kwenye chuma alikuwa fundi hodari, bastola zake nimeziona nyingi."

Noëlla akacheka mpaka muuzaji akatoa kichwa nje ya gari lake. "ELG si mtu, bwana! Ni muhuri wa ukaguzi wa silaha wa Liège. Marehemu baba yangu alifanya kazi kiwanda cha bunduki cha Herstal, angekusikia angekufa mara ya pili. Umetoka wapi wewe?"

"Rouen, Ufaransa. Nina wiki tatu hapa. Naitwa Bastien Vauquelin." Akaachia mtutu. "Inunue wewe, Nahodha. Ila niruhusu niitengeneze."

Pini ya kufyatulia ilikuwa imekatwa zamani, bastola haikuweza kumdhuru hata nzi. Noëlla ndiye aliyedhurika. Alimtazama yule mtu mrefu mwenye sharubu nyembamba na vidole safi kuliko vya daktari wake wa meno, akailipia bastola, akamkabidhi pamoja na namba ya simu papo hapo.

Simu zikaanza.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?" Noëlla alikuwa akiuliza habari za bastola.

"Amelala. Anamuota mwenyewe."

"Mwenyewe yupi, mimi au wewe?"

"Wewe, laazizi. Mimi ananiona kila siku, aniote ya nini?"

Wakatembea ukingoni mwa mto, wakala kaki za moto zenye sukari, wakabusiana mbele ya kanisa huku bibi mmoja akiguna. Wiki ya tatu silinda ikazunguka. Bastien akamsikilizisha kwa simu, tak, tak, tak, na Noëlla akaufunga mdomo kwa mkono asipige kelele mbele ya wagonjwa.

Tatizo lilikuwa Mama Josiane. Noëlla aliishi naye ng'ambo ya mto, na mama huyo hakulipenda lile koti hata kidogo.

"Miaka thelathini na minne, unavaa kama mtoto wa shule!" alisema. "Na huyo mwanamume wako yuko wapi? Mimi namsikia kwenye simu tu, kama redio."

"Atakuja Jumapili. Mezani kwako."

"Asipokuja?"

"Asipokuja, lichane koti ulifanye matambara." Hasira ilimtoa neno hilo kabla hajalipima.

Akampigia Bastien. "Jumapili, dîner kwa mama. Lete bastola, lete na adabu. Usichelewe!"

"Hata dakika moja, mpenzi."

Hapo ndipo walipopotezana, na wala hakuna aliyejua. Liège yote, tangu mtoto mpaka askofu, dîner ni chakula cha saa sita mchana. Kule Rouen alikotoka Bastien, dîner ni chakula cha jioni. Sisi tunaosema saa sita tukimaanisha kumi na mbili ya mzungu tusiwacheke sana.

Jumapili saa sita kamili meza ilikuwa tayari, vinyama vya mviringo kwenye mchuzi mtamu wa tufaha, chipsi, sahani tatu. Noëlla alikuwa amevaa vazi zima, vifungo vyote kumi na viwili, ingawa joto la Juni lilikuwa likimtoa jasho. Saa sita na nusu. Saa saba. Akapiga simu mara sita, haikupokelewa. Bastien alikuwa karakanani akisugua shaba kwa mashine, koti lake lenye simu likining'inia chumba cha pili.

"Fundi saa!" Mama Josiane akasema, akijipakulia chipsi za baridi. "Angekuwa fundi viatu ningemsamehe."

Saa tisa simu ikalia.

"Kipenzi! Nimeona umenipigia. Mama anapenda divai nyekundu au nyeupe?"

Noëlla akasukuma sahani. "Una uso gani wa kuniuliza divai saa hizi?"

"Si bado mapema? Hata sijanyoa."

"Hujanyoa! Tumekaa hapa kama mizigo iliyosahaulika stesheni, wewe hujanyoa! Usikanyage hapa, Bastien. Baki na bastola yako, ujipige nayo picha."

"Noëlla, nimefanya ni..."

Akakata. Akaizima kabisa. Alikuwa anampenda yule mtu, na kumpenda mtu anayekudharau mbele ya mama yako kunauma vibaya.

Mama Josiane alikwisha kuleta mkasi. Aliuweka mezani taratibu, karibu na haradali. Hakuwa mama katili. Aliamini tu kwamba koti hilo ndilo lililowafukuza wanaume wote.

"Uliahidi, binti yangu."

Noëlla akafungua kifungo cha kwanza. Cha pili. Kwenye cha tatu akakumbuka jinsi alivyojichoma sindano akikishona, na jinsi alivyokwenda mbele ya kioo akajipenda. Akakifunga. Akafunga na vile viwili.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Nilikuahidi kwa sababu yake. Koti nililishona kwa sababu yangu. Asije leo, asije milele, hili sivui. Na tamashani naenda, mkanda mtupu vilevile. Sahani yangu usiiondoe, Mama, sijashiba."

Akavuta bakuli, akala vinyama baridi vitatu, buti zake zikiwa zimenyooshwa chini ya meza. Mama akauchukua tena mkasi, akabaki nao mkononi kama mtu aliyeingia chumba asichokijua.

Saa kumi na mbili jioni, jua bado kali, kengele ikalia. Bastien alisimama mlangoni amenyoa, suti ya buluu, maua mkono mmoja, kisanduku cha mbao mkono mwingine.

"Nilikwambia usikanyage hapa," Noëlla akasema.

"Ulisema. Nimekanyaga. Uliniita dîner, nami sijachelewa hata dakika moja. Kosa langu ni lipi?"

"Dîner ilikuwa saa sita mchana!"

"Saa sita mchana ni *déjeuner*!"

"Hiyo kwetu ni chai ya asubuhi, we mtu!"

Mama Josiane, aliyekuwa nyuma ya binti yake, ndiye aliyeangua kicheko kwanza, mpaka akakaa kwenye ngazi. "Mfaransa! Mbona hukusema ni Mfaransa?"

Bastien akapiga goti kumfungulia Noëlla kisanduku. Mama akashika kifua akidhani ni pete. Ndani, juu ya kitambaa chekundu, bastola iling'aa.

"Mungu wangu," Mama akasema.

Noëlla akaichukua, akazungusha silinda sikioni, akaichomeka mkandani. Pengo likajaa. Kisha akamshika Bastien ukosi wa suti, akamsimamisha.

"Simama. Mbele yangu mtu hapigi goti. Mimi ndiye nahodha, na mimi ndiye ninayeuliza. Utanioa, nikiwa nimevaa hivihivi?"

Bastien alimtazama kuanzia buti mpaka miwani.

"Ukivua," akasema, "sikuoi."